Niko Busisi

Igoma, Jumapili jioni

Debora mwanangu,

Umetoka kwenda kuaga wenzako wa kwaya na najua hutarudi mapema, maana nyie mkikutana mnaimba kwanza ndipo mnakumbuka kilichowakutanisha. Baba yako ameenda kujaza mafuta kwa ajili ya kukupeleka stesheni kesho. Mdogo wako Sifa yuko kwa jirani. Nimebaki mimi na hiyo simu yako hapa mezani.

Tangu Ijumaa ofisi walipokukabidhi, naizunguka kama mtu anayemzunguka mgeni ambaye hajasema amefuata nini. Asubuhi kabla ya ibada niliifunika kwa kitambaa cha maandazi. Ukaniuliza, "Mama, unaogopa itashikwa na baridi?" Nikacheka pamoja na wewe. Sasa niko peke yangu, naweza kusema kweli: siiamini.

Sitakuandikia habari za sanduku wala za chakula cha njiani. Mtu aliyekaa chuoni Moshi akajipikia na kujifulia hahitaji mama wa kumfundisha kufunga begi. Na habari za wanaume wa Dar es Salaam umeshazisikia kwa shangazi zako mpaka umechoka. Nataka nikuambie habari ya simu ya baba yako, ile ya kwanza. Uliporudi likizo ukaikosa kiunoni mwake, uliuliza iko wapi, tukakujibu imeharibika. Haikuharibika. Siku ilipotoka ndani ya nyumba hii ilikuwa nzima kabisa.

Nilimuuliza baba yako kama ninaweza kukuandikia. Alikuwa amechuchumaa anakagua tairi. Akalimaliza lile tairi, akasema, "Mwandikie. Mimi nikianza nitajitetea."

Usinione mama wa kizamani anayeogopa kila kilichotoka dukani. Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki tulivyopanga foleni ya sabuni, tukifika mbele tunaambiwa imekwisha. Hukumbuki nilivyofua nguo zako kwa majani ya mpapai. Mambo yalipofunguliwa, maduka ya mjini yakajaa, nilishangilia kuliko baba yako. Friji nililitaka mimi. Nilimsumbua mwaka mzima mpaka akalileta juu ya gari lake la samaki, nikasimama mlangoni kama bibi harusi.

Ni hilo friji lililonifundisha kushuku, ingawa somo lake nililielewa baadaye sana. Kabla yake, baba yako akirudi na sangara mkubwa, tulikula tulichoweza, na kilichobaki nilikifunga kwenye majani ya mgomba nikampelekea Mama Milembe kabla hakijaharibika. Naye akichinja kuku, au ndugu zake wa Magu wakileta viazi, alituletea. Baada ya friji, nilihifadhi. Hakuna aliyenikataza kugawa, na sikuwa nimegeuka mchoyo. Ni kwamba haja ya kugawa ilikufa, na mimi sikuiona ikifa. Siku moja Mama Milembe alinitania, "Siku hizi samaki wa kwenu wamekuwa watawa, hawatoki nje." Nikacheka, nikafunga mlango wa friji.

Halafu ikaja simu.

Unaikumbuka, ile nyeusi nene ambayo watu wa stendi waliita mche wa sabuni. Baba yako hakuinunua kwa majivuno, hilo nalisema kwa haki. Kazi ya kubeba barafu kwenda mialoni, wanakoshushia wavuvi, na kurudi na samaki mpaka kiwandani ilikuwa imebadilika. Wenye viwanda walitaka kujua samaki wako wapi kila saa, na dereva asiye na simu akawa anapitwa. Mwanzoni ilituletea mema. Siku gari lilipokwama karibu na Kisesa likiwa limejaa mzigo, alipiga simu, likaja gari jingine kabla samaki hawajaoza. Jioni ile tulimshukuru Mungu kwa ajili ya simu, kwa sauti, mezani, sote.

Lakini nilianza kuona vitu. Aliiweka kando ya sahani kama mtu anayekula na mwenzake. Tukifumba macho kuombea chakula, Sifa alikuwa akiniambia baadaye, "Mama, Baba hafumbi. Anaangalia simu." Nikamwuliza mtoto, "Na wewe umemwonaje kama umefumba?" Tukalimaliza hivyo. Nikawa nafungua jicho moja na mimi. Ni kweli, hakuwa anafumba.

Na kulikuwa na swali. Sijui kama umewahi kulifikiria, wewe unayelisikia kila siku. Zamani simu ilikaa mahali pake, ofisini au kwa padri au kwenye duka kubwa. Anayepiga alijua ilipo, hivyo alijua na wewe uko wapi. Hii mpya haina kwao. Kila mtu aliyempigia baba yako alianza na neno lilelile: "Uko wapi?" Na kwa kuwa aliyeuliza haoni, aliyeulizwa akagundua kwamba anaweza kuchagua.

Alianza na watu wa kiwanda. Alikuwa anafunga kamba za viatu, hapo kwenye ngazi, akawaambia, "Niko Kisesa, nakaribia." Hakuwa mwongo baba yako. Unamjua. Kwenye miaka yote ya ndoa yetu alikuwa mtu ambaye akidanganya masikio yanamsaliti, yanawaka mpaka mtoto anamjua. Sasa akawa anadanganya na masikio yake yamepoa, kwa sababu aliyedanganywa hakuwa mbele yake. Nilimwambia, "Baba Debora, hiyo siyo kweli." Akanijibu, "Mama Debora, wale hawataki kweli, wanataka kusikia neno la kuwatuliza. Na kufika nitafika." Na kweli alifika. Basi nikaona ni lugha ya kazi.

Kabla sijaendelea kumsema yeye, ngoja nijiseme mimi. Mume wa mama yako mkubwa Adela alipofariki kule Bukoba, sikwenda. Wewe ulidhani nilikuwa mgonjwa. Sikuwa mgonjwa. Nilifikiria usiku mzima wa melini, nikafikiria kazi zilizonisubiri, nikatazama simu ya baba yako. Nikapiga ofisini kwa mchungaji wao, nikaomba dada yangu aitwe. Alitoka kwenye msiba wake, mjane wa juzi, akatembea kutoka nyumbani mpaka kanisani kuja kupokea pole yangu. Mimi ndiye niliyepaswa kutembea, nikamtembeza yeye. Nilimwambia maneno mazuri kwa haraka kwa sababu yalikuwa yanakatika. Akasema, "Ahsante kwa kupiga simu." Alilisema kwa sauti ile anayotumia akizungumza na watu wa serikali.

Baba yetu alipokufa, nikiwa nimeolewa huku Mwanza, binamu yetu alipanda meli kuja kuniambia. Angeweza kupeleka simu ya maandishi posta, ingefika kabla yake. Alipofika hakuniambia mlangoni. Aliomba maji, akanywa, akasema, "Kaa hapa karibu yangu." Nilipokaa akanishika mkono, ndipo akasema. Mpaka leo nikikumbuka kifo cha baba yangu nakumbuka na mkono huo, ulivyokuwa mkavu na wa moto. Dada yangu akikumbuka kifo cha mumewe, kwa upande wangu anakumbuka nini? Mlio wa waya.

Sasa nakuja kwenye lenyewe.

Unajua kwamba Mama Milembe alipoteza mtoto ulipokuwa Moshi. Tulikuandikia hivyo tu, naye hakusema zaidi ulipokwenda kumpa pole. Ilikuwa Jumamosi, mchana. Baba yako alikuwa amesafirisha samaki wiki nzima, hakuwa amelala vizuri hata siku moja. Gari lilikuwa uani. Yeye alikuwa amekaa barazani na fulana ya ndani, amenyoosha miguu, na wiki ile kamati ya ujenzi wa kanisa ilikuwa inamtafuta asombe mchanga. Alikuwa ameniambia asubuhi, "Leo mchanga sibebi, hata malaika akija kuniomba."

Simu ikalia. Akaiangalia, hakuijua namba. Akapokea.

"Haloo! Nani? Aa, Baba Milembe!"

Baba Milembe ndiye alikuwa katibu wa kamati ile. Niliona uso wa baba yako ukichoka ghafla. Akafumba macho, yale ambayo mezani hayakuwa yanafumba, akasema, "Ndugu yangu, mimi niko Busisi huku. Foleni ya kivuko ni ndefu, sijui nitavuka saa ngapi." Akasikiliza kidogo. "Haya. Haya, ahsante. Tutaonana kesho kanisani."

Akaiweka chini. Sifa alikuwa anacheza na vizibo vya soda kwenye ngazi. Akainua kichwa akauliza, "Baba, kwani hapa ni Busisi?"

Tukacheka, mwanangu. Baba yako alicheka, na mimi nilicheka mpaka nikaweka chini kisu nilichokuwa namenyea ndizi. Hilo ndilo linaloniamsha. Yeye alidanganya kwa uchovu. Mimi sikuwa nimechoka. Nilisikia, nilijua, na nikacheka.

Kumbe Baba Milembe alikuwa pale dukani barabarani, kwenye simu ya kulipia. Mkewe alikuwa amekaa kwenye gogo mbele ya duka, tumbo la mwezi wa nane, damu imeshalowesha kanga mbili. Walikuwa wametembea kutoka nyumbani kwao wakijua wakifika barabarani watapata gari, na hawakupata. Ndipo akakumbuka gari letu. Zamani angepanda tu kilima akagonga mlango, si mbali, unapajua. Lakini simu ilikuwepo, na kila mtu alikuwa amemfundisha kwamba simu ni haraka kuliko miguu. Akapiga. Aliposikia Busisi, aliona hata kueleza hakuna faida. Mtu yuko ng'ambo ya maji, umtie wasiwasi wa nini? Akasema, "Basi, Mungu akuvushe salama," akamrudishia mwenye duka simu yake.

Walimlaza Mama Milembe kwenye mkokoteni wa kubebea maji. Mbele kidogo wakapata lori la saruji. Walifika hospitali jua limeanza kupungua. Mtoto alikuwa wa kiume. Alizaliwa amekwisha kufa.

Jioni, bado kweupe, Baba Milembe alikuja hapa nyumbani. Hakuja kumtafuta baba yako. Kwake yeye baba yako alikuwa Busisi. Alikuja kuniomba mimi niende nikakae na mkewe, kwa sababu mke huyo alikuwa akiniita kwa jina langu. Mimi nilimwona akiingia getini, shati lake lina madoa mekundu yaliyokauka, na akili yangu haikuelewa ni ya nini. Alisimama. Aliliona gari. Halafu akamwona baba yako barazani na fulana yake, ameshika kikombe cha chai.

Kuku walikuwa wanaparura, na Sifa akasema, "Shikamoo, Baba Milembe." Akaitikia, "Marahaba, mama." Kisha akamwangalia baba yako, akamwuliza kwa upole kabisa:

"Umevuka salama?"

Baba yako angeweza kusema. Mlango ulikuwa bado wazi. Akasema, "Nimevuka salama, ndugu yangu. Kivuko leo hakikutusumbua sana."

Masikio yake yakawaka. Yalikuwa yamerudi.

Baba Milembe alitembea mpaka kwenye gari, akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha pale. Unajua jinsi boneti la gari lililotoka Busisi linavyokuwa, halishikiki kwa moto; hili lilikuwa limepoa. Akakitoa kiganja, akakitazama kama aliyetarajia kuona kitu. Alinigeukia mimi.

"Mama Debora, nakuomba uje hospitalini. Mama Milembe anakuita. Mtoto amefariki."

Nilichukua kanga nikaondoka naye. Nilimwacha baba yako amesimama na kikombe mkononi. Hatukupanda gari letu. Baba Milembe alitangulia kwenda barabarani kwa miguu, nami nikamfuata, na njia nzima hakuniuliza chochote. Ningefurahi angeniuliza. Ningefurahi angenitukana.

Mama Milembe alikuwa hoi wiki nyingi. Nilimwogesha, nilimlisha uji, na kila nilipomshika nilikuwa najiuliza kama anajua. Alijua. Mumewe alimwambia usiku uleule. Siku moja, nikiwa namsuka nywele, akasema bila kugeuka, "Mama Debora, hata wewe ulikuwepo?" Nikasema, "Nilikuwepo." Akasema, "Ulisikia?" Nikasema, "Nilisikia, na nilicheka." Mikono yangu ilibaki kwenye nywele zake, sikujua niitoe au niendelee. Baadaye akasema, "Malizia upande huu, kichwa kinauma kikikaa nusu." Nikamalizia. Huo ndio msamaha niliopewa, na sijapewa mkubwa kuuzidi.

Baba yako ilimchukua muda mrefu zaidi. Alikuwa hali. Alizunguka nyumba, akaosha gari ambalo ni safi. Na unajua alifanya nini kwanza? Alipiga simu. Alipiga kwenye duka lilelile, akamwomba mwenye duka amtumie Baba Milembe ujumbe aje apokee. Na Baba Milembe akaja, sijui kwa nini alikuja, labda alidhani ni hospitali. Akaweka simu sikioni, akasikia, "Ndugu yangu, nataka nikuombe," akaitoa sikioni, akamrudishia mwenye duka ikiwa bado inaongea, akaenda zake. Mwenye duka alinisimulia mwenyewe. Anasema sauti ya baba yako iliendelea kuomba radhi juu ya meza, kati ya mizani na chumvi, mpaka ikakatika.

Nilimwambia baba yako usiku huo maneno makali ambayo sitayaandika. La mwisho lilikuwa, "Una miguu."

Kesho yake alikwenda. Alimkuta Baba Milembe kazini, anajenga ukuta wa mtu huku chini karibu na barabara, maana unajua ni fundi mwashi. Baba yako alisimama akiwa amevua kofia. Mimi sikuwepo, nakupa alivyonisimulia.

Alisema, "Nilikuwa nyumbani. Nilidhani ni habari ya mchanga. Nilikudanganya."

Baba Milembe aliendelea kuweka tofali, akalisawazisha kwa mpini wa mwiko. Akasema, "Mtoto huyo sikudai. Daktari aliniambia labda angepona tungewahi, labda asingepona. Hilo nimemwachia aliyemuumba." Akaweka tofali jingine. "Kinachonishinda ni kimoja. Pale dukani, nikiwa nimeshika ile simu, nilikuwa naliona paa la nyumba yako. Nilikuwa naliangalia kabisa. Ningepanda ningekukuta. Unaniambia uko Busisi na mimi naiona nyumba yako, nikayaamini masikio yangu, nikayakataa macho yangu. Mke wangu yuko kwenye gogo anavuja damu, na mimi nimesimama naangalia nyumba ya rafiki yangu na siendi, kwa sababu sauti yako imeniambia haupo."

Baba yako alipiga magoti kwenye udongo ule wa saruji. Baba Milembe akamwambia, "Simama, watu wanapita." Alisimama. Hakuambiwa nimekusamehe. Aliambiwa, "Nipe hilo tofali." Akampa. Alimpa matofali mpaka mchana.

Baadaye baba yako aliomba kuacha uzee wa kanisa. Wewe tulikuambia ni kazi zimezidi. Huo nao ulikuwa uongo, na tuliuandika kwa wino kwenye barua, hatukuhitaji simu. Simu yenyewe aliipeleka kwa mfanyabiashara wa Kisesa. Kazi za kiwanda zikapungua, tukaishi kwa kubana, na alirudi kubeba mizigo ya watu wanaokuja wenyewe kumwita. Urafiki haujarudi ulivyokuwa. Wanasalimiana, wanakaa benchi moja kanisani, lakini ule utani wao wa zamani, wa Msukuma na Mhaya, umekwisha. Mwaka huu kabla ya Pasaka ndipo Baba Milembe alipopanda kilima kwa mara ya kwanza. Mama mkwe wake alikuwa ameanguka. Alifika akagonga mlango ingawa mlango ulikuwa wazi na sisi tunamwona. Alisema, "Nimekuja kuangalia kama upo." Baba yako alikuwa ameshasimama na funguo mkononi.

Juzi umeniambia, "Mama, simu haina dhambi, mtu ndiye mwenye dhambi." Ni kweli, na hata mchungaji atakuunga mkono. Lakini mimi nimeona. Baba yako hakuwa na dhambi hiyo kabla. Labda ilikuwa imelala ndani yake, sawa, lakini kuna vitu vinavyojua kuamsha. Mtu mwoga akipewa mahali pa kujificha, atajificha. Adamu alikimbilia kwenye miti. Mungu alimwuliza yuko wapi na huku anamwona, siyo kwa sababu alipungukiwa habari. Alitaka Adamu aseme mwenyewe. Nami nimekuwa nikifikiri kwamba kungekuwa na simu bustanini, Adamu angejibu yuko mahali pengine kabisa, na angejibu bila kutetemeka.

Mimi si mhubiri na nakuahidi sitaanza leo. Ila tangu mwaka ule kila Krismasi nasikia habari ileile kwa sikio jingine. Mungu sauti anayo. Aliwaita watu wa kale kutoka mawinguni na kutoka kichakani, nao walimsikia vizuri tu. Kama sauti ingetosha, asingejisumbua kuja. Alikuja akakaa. Akala samaki na watu wa ziwa kama sisi, akachoka njiani, akamshika mwenye ukoma kwa mkono wakati neno tu lingemponya. Nikifika hapo kwenye kufikiri kwangu, natazama hicho kitu chako kidogo kinachometameta na najiuliza kinataka tuwe watu wa namna gani. Sipati jibu, na kutopata jibu kunanifanya niishuku zaidi.

Sikuombi uirudishe. Kazi yako ni ya mizigo ya samaki uwanja wa ndege, ndege haisubiri, na ofisi wamekupa ili wakupate saa yoyote. Najua. Na najua nitashuka dukani siku mwenye duka atakaponiita kwamba umepiga, nitashuka mbiombio, na nitafurahi kukusikia mpaka nitasahau nilichoandika hapa. Nisamehe mapema kwa hilo.

Wala sikuombi uniahidi kwamba hutadanganya humo. Utadanganya. Siku itakuja umechoka, miguu inauma, simu italia, na mdomo wako wenyewe utasema uko Posta wakati umelala kitandani. Utashangaa jinsi uongo ulivyotoka laini. Hakuna atakayejua, na huenda hakuna kitakachoharibika, na aliyekupigia atakuambia ahsante.

Siku hiyo, mwanangu, izime. Vaa viatu. Mtafute huyo uliyemdanganya mpaka umwone uso, hata kama jambo lenyewe ni dogo, hata kama atakucheka, hata kama ni mbali. Usimpigie kumwambia unakuja.

Nenda.

Mama yako